Mwaka Tulioikataa Leseni

Mtu wa kwanza kuniambia kwamba nitaiua hospitali alikuwa wakala wa leseni kutoka Mwanza. Alinitamkia hivyo mbele ya mganga mfawidhi, katibu wa hospitali na sista anayesimamia wauguzi, huku akikoroga chai niliyommiminia mwenyewe.

"Dada," alisema, "hicho unachotaka kufanya, watu wanakifanya nyumbani kwao kwa kujifunza. Hospitali si mahali pa kujaribia. Na huku Bariadi, siku ukikwama, nani atakuja kukusaidia?"

Hospitali yetu ni ya kanisa. Si kubwa, ila watu wanaitegemea kutoka vijiji vingi vya Simiyu. Mimi ndiye niliyekuwa ofisa TEHAMA pekee. Hicho ni cheo cha kwenye karatasi. Kwa vitendo, ofisa TEHAMA ni mtu anayeitwa printa inapotafuna karatasi, anayeulizwa kwa nini simu ya mtu haishiki chaji, na anayetazamwa vibaya umeme ukikatika kana kwamba ameukata yeye.

Kazi yangu ya kweli ilikuwa kwenye chumba kidogo nyuma ya mapokezi, palipokaa seva yetu. Ni kompyuta moja yenye nguvu, na ndani yake kuna programu inayoigawa iwe kompyuta kadhaa, kila moja ikijiona iko peke yake. Moja ilishika mafaili ya wagonjwa pale mapokezi, nyingine dawa, nyingine majibu ya maabara. Tulinunua chuma kimoja tukapata mashine tatu. Bila programu hiyo ya kugawa, chuma kile ni sanduku lenye feni.

Programu hiyo tuliinunua miaka ya nyuma, kabla sijaajiriwa, na tuliamini tumeinunua moja kwa moja. Kisha kampuni iliyoitengeneza ikachukuliwa na wenye mali wengine, na barua ikatufikia kwa Kiingereza, kurasa mbili. Leseni ya kudumu haipo tena. Kuanzia sasa mnalipia kila mwaka, na kifurushi kidogo kabisa kinachouzwa ni cha ukubwa ambao sisi hatutaufikia hata tukijenga ghorofa. Mkikataa, programu haitazimika, lakini hampati marekebisho ya usalama wala mtu wa kumuuliza.

Katibu alisoma barua mara mbili, akavua miwani. "Sasa hapa tunafanyaje?"

Nilikuwa na jibu tayari, na nililisema haraka kuliko ilivyofaa. "Kuna programu nyingine inafanya kazi ileile, na ni ya bure. Ipo wazi, mtu yeyote anaweza kuichukua na kuitumia. Tuhamie huko."

Neno "bure" ndilo lililonikosesha. Kwenye uso wa katibu niliona linavyogeuka na kuwa kitu cha kutupwa, nguo iliyoletwa kwenye robota. Ndipo akaitwa wakala, aje kutupa ushauri. Ushauri wa muuza leseni ulikuwa tununue leseni.

Nikiri kitu. Kilichonichoma siku ile si bei. Ni lile neno lake, "huku." Huku Bariadi. Nimezaliwa Sapiwi, nimekua kati ya pamba na ng'ombe, na neno hilo nimelisikia toka chuoni kwa watu waliofikiri kwamba sisi wa huku tunapaswa kupokea vitu vilivyokwisha kufikiriwa na wengine. Nilimwangalia yule bwana na chai yangu mkononi mwake, nikasema:

"Kaka, mwaka juzi seva ilikwama siku mbili. Leseni tulikuwa nayo, na huduma tulikuwa tumelipia. Niliandika kuomba msaada. Walinijibu siku ya nne, wakaniuliza nimejaribu kuizima na kuiwasha? Wakati huo nilikuwa nimeshaitengeneza mwenyewe. Kwa hiyo unaniuliza nani atakuja. Wewe ulikuja lini?"

Sista aliinamisha kichwa akajifanya anatafuta kalamu. Mganga mfawidhi alikohoa. Wakala alisema hilo ni suala la makao makuu, si lake. Hakudanganya. Lilikuwa la mtu mwingine, siku zote lilikuwa la mtu mwingine.

Walinipa wiki sita nithibitishe. Nilitoa stoo seva ya zamani iliyokuwa imestaafishwa, nikaifuta vumbi, nikaiwekea ile programu ya bure. Nilinakili mashine ya mapokezi nikaihamishia huko, ikaamka. Nikanakili ya dawa, ikaamka. Nilichomoa nyaya makusudi. Nilichomoa diski moja mchana mbele ya katibu na mganga, wakaona mfumo unaendelea kufanya kazi kwa diski iliyobaki. Katibu aliigusa seva kwa kidole kimoja kama anayepima pasi, kisha akasema, "Haya."

Mashine ya maabara sikuijaribu. Mkuu wa maabara alikataa. Alikuwa mzee wa kazi, amebakiza miaka minne kustaafu, anavaa koti jeupe lililonyooka na kutembea na funguo zake shingoni. Nilipomwendea kuomba nakala, hakuinua hata macho kwenye darubini.

"Majibu ya wagonjwa wangu hayaendi kuchezewa stoo."

"Siyachezei, mzee. Ni nakala tu, kwa majaribio."

"Nimesema."

Ningeweza kwenda kwa mganga mfawidhi akamwamuru. Sikwenda. Nilijiambia kama mbili zimekubali, ya tatu itakubali. Ukweli ni kwamba sikutaka kumbembeleza. Nilitaka siku moja aone tu imekwisha, imefanya kazi, na yeye hakuhitajika.

Tulihama Jumamosi, siku yenye wagonjwa wachache. Nilihifadhi nakala zote mahali pawili, nikafuta ile seva kubwa, nikaweka programu mpya. Mapokezi yakaamka kabla ya saa sita. Dawa zikafuata. Nilikuwa nimewaambia maabara waandike kwenye daftari kwa saa mbili tu. Nikaleta mashine yao, nikaiwasha.

Skrini ikawa ya bluu. Ikajizima, ikajiwasha, ikawa ya bluu tena.

Nilirudia hadi jioni. Jumapili nilitoka misani nikaenda moja kwa moja chumba cha seva, bado na kitenge changu cha kanisani. Nilisoma kila nilichokipata. Niliandika swali kwenye jukwaa la mtandaoni la watumiaji wa ile programu, kwa Kiingereza changu cha kuchongachonga. Mtu mmoja alinijibu kwamba kila kitu kimeandikwa kwenye maelekezo, nikasome. Nilitamani kumtukana, lakini sina matusi ya Kiingereza ya kutosha. Kurudi kwenye programu ya zamani kuliwezekana, ila kungechukua siku nzima ya kuzima kila kitu, mapokezi na dawa vikiwemo.

Jumatatu ilipofika, foleni ya maabara ilikuwa imetoka nje ya mlango hadi kwenye veranda. Wale wa maabara walikuwa wanaandika kwa mkono, wanatafuta majibu ya nyuma ya mgonjwa wasiyapate, wanampima mtu upya kipimo alichopimwa wiki iliyopita. Muuguzi mmoja alinipita bila kunisalimu. Katibu alikuja mlangoni kwangu mara tatu. Mara ya tatu alisema, "Nimpigie yule bwana wa Mwanza?"

"Usimpigie," nilisema. "Hadi jioni."

"Na watu hawa?"

Nilitoka. Sikutumwa na mtu. Niliona tu haiwezekani nijifungie na feni wakati watu wamekaa sakafuni. Nilisimama mbele ya foleni nikawasalimia, "Mwangaluka!" Waliitikia wachache. Nikawaambia kwa Kisukuma kwamba kompyuta ya maabara imekwama, majibu yatatoka ila yatachelewa, na wasiwakasirikie wauguzi.

Bibi mmoja aliyekaa na mjukuu mapajani aliniuliza, "Kwa hiyo damu ya huyu mtoto imepotea?"

"Hapana mama, haijapotea. Majibu yake yanaandikwa kwa mkono. Kilichokwama ni kompyuta, na aliyeikwamisha ni mimi."

Aliniangalia kuanzia kichwani hadi miguuni. "Nimetoka Sola na mtoto huyu mgongoni. Wewe ni wa wapi?"

"Sapiwi, mama."

"Basi mtu wa Sapiwi, kama wewe ndiye uliyeiharibu, hapa umesimama unafanya nini? Nenda ukaitengeneze."

Foleni ilicheka. Nilicheka na mimi, halafu machozi yakanitoka, nikageuka kabla hawajayaona.

Nilipokaa tena, kwenye jukwaa kulikuwa na jibu jipya, kutoka kwa mtu ambaye hata nchi yake siijui. Hakuniambia nikasome. Aliniuliza mfumo wa ile mashine ni wa mwaka gani, na diski nimeiunganisha kwa njia ipi. Nilipomjibu, alinieleza kwa mistari minne. Mashine ya maabara ilikuwa na mfumo wa zamani mno. Ilipoamka kwenye makazi mapya haikuitambua diski yake yenyewe. Niiunganishe kwanza kwa njia ya kizamani, ya polepole, niiwashe, niifundishe kuitambua njia mpya, ndipo niihamishe. Nilifanya hivyo. Saa nane na robo mchana iliamka, na majina ya wagonjwa yakajipanga kwenye skrini kana kwamba hakuna kilichotokea.

Sikupiga kelele. Nilikwenda maabara nikamwambia mkuu, "Iko tayari, mzee." Alifungua, akatafuta mgonjwa mmoja, akatafuta mwingine, akakubali kwa kichwa. Kisha akaanza kuingiza yale ya daftarini, moja moja, yeye mwenyewe.

Kikao kiliitwa Jumatano. Katibu alikuwa na barua ya wakala mezani. Alisema tumepata fundisho, turudi tulikotoka kabla hatujapata msiba. Niliomba nafasi, nikasimama.

"Kosa ni langu," nilisema. "Si la programu. Nilihamisha mashine ambayo sikuijaribu. Ningefanya hivyo kwa programu ya kulipia, ingekwama vilevile. Yule bwana alisema siku nikikwama nitakuwa peke yangu, na ni kweli, siku mbili nilikuwa peke yangu. Lakini hata tulipokuwa tunalipa nilikuwa peke yangu. Tofauti ni kwamba hii ninaweza kuifungua nikaona ndani. Hakuna mtu atakayeamka kesho akatuandikia barua kwamba sharti limebadilika. Mkitaka kunifukuza kwa kosa langu, nifukuzeni. Lakini msirudi kule kwa sababu ya kosa langu."

Nilikuwa nimepaza sauti kuliko nilivyokusudia. Mkuu wa maabara aliinua mkono.

"Aliniomba nakala ya kujaribia," alisema. "Mimi nilikataa. Liandikwe na hilo."

Sikumwangalia. Ningemwangalia ningeharibikiwa.

Basi nilidhani nimeshinda. Ndipo sista akauliza, kwa upole wake ule ambao haukupi pa kujificha: "Mwanangu, mimi nakuamini. Lakini wewe ukiugua? Ukiolewa ukaenda mbali? Hiyo ya kulipia ilikuwa na mtu wa kuchelewa kujibu. Hii ina nani?"

Katika ubishi wangu wote nilikuwa nimethibitisha kwamba naweza. Sikuwa nimefikiria kwamba hospitali inayotegemea kichwa cha mtu mmoja imefungwa vilevile, ni vile tu kamba yake ina jina langu. Nilikaa. Nilisema, "Sista, sina jibu. Nipeni muda nilitafute."

Waliamua hivi: tubaki na programu ya bure, lakini kila hatua iandikwe kwa Kiswahili, na awepo mtu mwingine hapo hospitali anayeweza kuifufua seva mimi nisipokuwepo. Sehemu ya fedha ambazo zingekwenda kwenye leseni ikanunua diski na betri mpya za akiba. Katibu akauliza nani atajifunza.

"Nipeni mimi," alisema mkuu wa maabara.

"Mzee, wewe umebakiza miaka minne," katibu akasema.

"Ndiyo. Mlitaka nikae miaka minne bila kujifunza kitu?"

Sijawahi kupata mwanafunzi mgumu kama yule. Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana alikuja na koti lake jeupe kwenye chumba cha seva, akaketi kwenye kiti changu bila kuomba, akasoma kwa sauti nilichoandika. Hakuacha neno lipite.

"Hapa umeandika 'subiri kidogo.' Kidogo ni kiasi gani?"

"Dakika tano hivi."

"Andika dakika tano. Mimi nikikuandikia mgonjwa ana sukari 'nyingi kidogo' utanielewa? Na hapa. 'Kama kawaida.' Kawaida ya nani?"

Nilikasirika Ijumaa nyingi. Nilirudia kurasa zile mara tano, mara sita. Tuligombana mpaka juu ya jina: mimi nilizoea kuziita zile kompyuta za ndani ya seva mashine pepe, yeye alisema pepe linamkumbusha pepo, na pepo hataki kumwona hospitalini, tukakubaliana kuziita vyumba. Seva ni nyumba, kila mfumo una chumba chake. Alipoanza kusema "chumba cha dawa kimezima, nakiwasha," niligundua kwamba hata mimi nilikuwa nimeanza kuelewa vizuri zaidi vitu nilivyodhani navijua.

Kisha tukaanza kuharibu. Kwenye seva ya zamani nilikuwa navuruga kitu makusudi, natoka nje, naye anakitengeneza kwa kurasa tu, bila kuniuliza. Mara ya kwanza ilimchukua mchana mzima. Alitoka ameloa jasho akasema tu, "Ukurasa wa nne ni mbaya." Baada ya miezi alikuwa anamaliza kabla sijarudi na soda.

Masika yaliyofuata mjomba wangu alifariki, ndugu yake mama, tukaenda kumzika Kimali. Kule alikoishi mtandao haufiki. Ukitaka kupiga simu unapanda kilima cha shule na kunyoosha mkono. Sikupanda. Nilikaa msibani siku mbili na akina mama, nikipika na kuosha vyombo, na mvua ilinyesha kwa radi zilizofanya ng'ombe walie zizini.

Siku ya tatu, tukiwa njiani kurudi, simu yangu ilipata mtandao na jumbe zikaanza kuingia kwa mfululizo. Wa kwanza ulikuwa wa katibu. Radi imepiga, seva imezima, haiwaki. Uko wapi? Wa pili, wa katibu tena: Piga simu haraka. Wa tatu: Mama, tunaomba upige simu. Hajawahi kuniita mama. Nilianza kuhesabu akilini saa ngapi tumebakiza hadi Bariadi, na barabara ile ya tope.

Kisha zikaja za mkuu wa maabara.

Seva kubwa imeungua upande wa umeme. Natumia ile ya zamani na nakala za jana jioni. Naanza ukurasa wa tisa.

Chumba cha mapokezi kimewaka.

Cha dawa kimewaka.

Maabara imewaka saa saba na dakika ishirini. Majibu yapo hadi ya jana jioni. Ya leo asubuhi tunayaingiza kutoka daftarini. Ukurasa wa kumi na mbili una kosa, nimesahihisha kwa kalamu. Poleni na msiba.

Nilisoma ule ujumbe wa mwisho mara nyingi. Mama, aliyekaa pembeni yangu, aliniuliza kama kuna habari mbaya tena.

"Hapana," nilimwambia. "Kuna kitu kiliharibika kazini, wamekitengeneza."

"Bila wewe?"

"Bila mimi."

"Mbona unalia sasa?"

Kulikuwa na fahari, na kulikuwa na kaubaridi kadogo ka wivu, sitakaficha: mahali nilipopigania kuhitajika pamesimama bila mimi, na ndivyo nilivyotaka, na bado paliuma. Lakini zaidi ya yote nilijisikia mkaidi kuliko siku yoyote ya nyuma. Waliotuona wa huku wangepaswa kuwepo pale saa saba na dakika ishirini, wakamwona mzee wa koti jeupe amekaa mbele ya seva ya stoo akifuata mstari kwa kidole, kwa Kiswahili, na hakuna aliyepigiwa simu Mwanza.

Nilifika kazini kesho yake asubuhi. Alikuwa kwenye darubini.

"Wabeja, mzee," nilisema, nikimshukuru kwa Kisukuma.

"Wabeja. Mmezika salama?"

"Salama."

"Karatasi iko mezani kwako," alisema, bila kuinua macho.

Nilikwenda kuiangalia. Ukurasa wa kumi na mbili, mstari wa tatu, nilikuwa nimeandika washa kabla ya kuunganisha diski. Alikuwa amekata maneno yangu kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika juu yake kwa mwandiko wake wa maabara mpangilio ulio sahihi, na pembeni ameweka saa, tarehe na sahihi yake. Nilichapa ukurasa mpya, nikaupeleka kwake aupitie, akaniambia nimesahau nukta.